Kwenu wapi? Waulize watu wa Elm

Baada ya kipindi chetu kuhusu swali la "kwenu wapi?", jumbe za sauti mlizotuma zilifanana sana. Wengi wenu mmechoka. Mwalimu anauliza, dereva wa teksi anauliza, mama mkwe mtarajiwa anauliza. Ukimjibu Leicester, au Muscat, au Zürich, anatikisa kichwa: sio hapo, kwenu hasa. Halafu wengi mkamalizia na jambo moja, kwamba wenyeji wa huku tunakoishi hawana shida hiyo. Wao wamezaliwa mahali, wanaishi mahali, basi, mambo yamekwisha.

Hapo mwisho ndipo nataka tubishane kidogo. Mimi naishi Uswisi, na huku wenyeji swali hilo wameliandika kwenye pasipoti.

Kweli kabisa. Fungua pasipoti ya Uswisi, hutakuta mahali pa kuzaliwa. Utakuta mahali pa asili, Heimatort kwa Kijerumani, lieu d'origine kwa Kifaransa. Ni kijiji au mji ambao ukoo wako umeandikishwa uraia, na unaurithi kama unavyorithi jina. Mtu anaweza kuwa amezaliwa Geneva, amekulia Bern, anafanya kazi Zürich, na asili ya ukoo wake ni Elm. Nina mfanyakazi mwenzangu wa namna hiyo hiyo. Nilimuuliza kama amewahi hata kulala huko Elm. Akacheka: mara moja, safari ya shule, mvua ilinyesha siku zote.

Na mimi je? Nilipopata uraia, asili yangu ikawa ule mji mdogo ulionipa uraia, karibu na Zürich. Ndivyo sheria ilivyo. Shangazi yangu wa Pangani alipoiona ile pasipoti aliisoma mara mbili, akasema, "Haya mwanangu, umeshapata na kwenu kwingine."

Basi nikaanza kusoma habari za hicho kijiji cha Elm. Nilitaka kujua hawa wenzetu wanaotembea na "kwenu" mfukoni wamepata nini na wamelipa nini. Nilichokikuta kimebadilisha jinsi ninavyolijibu lile swali, ndiyo maana naandika.

Mwisho wa bonde

Elm iko katika jimbo la Glarus, mashariki mwa Uswisi. Unapanda treni kutoka Zürich hadi Schwanden, halafu basi linapanda bonde la mto Sernf mpaka barabara inapoishia. Hapo ndipo Elm, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake ni ukuta wa milima yenye vilele vinavyofika mita 3,000 na zaidi. Zamani kulikuwa na treni ndogo ya bonde, ilianza 1905, ikafungwa 1969. Wakazi hawajawahi kuwa wengi. Hata miaka ya 1880 walikuwa kama 1,000, na leo ni pungufu ya hapo.

Mlima wa pale una mambo mawili ya ajabu. La kwanza ni tundu. Juu kwenye mwamba uitwao Tschingelhörner kuna tundu kubwa linalopenya mlima upande hadi upande, wanaliita Martinsloch, tundu la Martin. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, jua la asubuhi linapita ndani ya tundu hilo na mwanga wake unaangukia kanisa la kijiji. Wazee wa huko wanasimulia kwamba Mtakatifu Martin alikuwa akichunga kondoo, likaja jitu kuiba, akalirushia fimbo yake, ikakosa jitu ikatoboa mlima. Ukiisikia hadithi hiyo unajua umefika kwa watu wenye bibi kama bibi zetu.

La pili ni mstari. Kwenye milima hiyo kuna mstari uliochorwa wazi kabisa, unauona kwa macho. Juu ya mstari kuna miamba yenye umri wa miaka milioni 250 hadi 300. Chini yake miamba ya miaka milioni 35 hadi 50. Yaani wazee wamekaa juu ya vijana, kinyume cha inavyotakiwa. Wanajiolojia wa karne ya 19 waligombana sana juu ya mstari huo, mpaka wakaelewa kwamba bara la Afrika na bara la Ulaya yaliposukumana, tabaka la zamani lilipandishwa juu ya tabaka jipya. Tangu 2008 eneo hilo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Afrika imeshiriki kuijenga ile milima, na hakuna aliyeiuliza kwao wapi.

Vibao vya shule

Sasa sehemu ya historia ambayo haimo kwenye kadi za posta.

Mnamo 1874 katiba mpya ya Uswisi ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa kila mtoto. Watoto walikuwa wakiandika kwenye sleti, vile vibao vya mawe ambavyo hata babu zetu wengine walivitumia. Mlima juu ya Elm ulikuwa na mawe hayo, na wakati huo yalikuwa na soko zuri. Tangu miaka ya 1860 watu wa Elm walikuwa wakiyachimba. Hawakuchimba kitaalamu. Walikata tu kuelekea ndani, chini ya mlima, bila kuacha nguzo za kutosha za kuushikilia, mpaka pengo likafika upana wa mita 180 hivi na kina cha mita 60 hivi.

Kiangazi cha 1881 nyufa zilionekana juu ya machimbo. Mawe yalianza kudondoka. Mwezi wa Septemba wakaguzi walipanda kuangalia. Wakaona hatari ipo, lakini hawakuamini kwamba iko karibu hivyo. Tarehe 11 Septemba 1881, siku ya Jumapili jioni, mlima ukaporomoka. Haukuja wote mara moja. Kwanza kipande, watu wakakimbia kwenda kusaidia wenzao. Kipande cha pili. Halafu mlima wenyewe, kama mita za ujazo milioni 10. Zaidi ya watu 110 walikufa, baadhi yao wakiwa wametoka majumbani kwa ajili ya kuokoa majirani.

Mwanajiolojia Albert Heim alifika na kuandika kila alichoambiwa na walionusurika. Kazi yake ni moja ya sababu zinazofanya hata leo wanaosoma maporomoko ya ardhi duniani wajue jina la Elm.

Mimi nikiifikiria habari hii, linalonikaa kooni ni zile sleti. Watoto wa mijini walijifunza kusoma kwa mawe yaliyokuwa yakiutoa mlima miguu. Na wachimbaji hawakuwa wapumbavu, walikuwa maskini waliopata kitu cha kuuza. Mtu yeyote ambaye ukoo wake umetoka sehemu za mkonge, au za karafuu, au za madini, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kijiji kinacholisha na kijiji kinachofukuza

Tunapenda kufikiri kwamba "kwenu" ni hisia. Kule Uswisi kwa miaka mingi ilikuwa ni bajeti. Ukifilisika au ukizeeka bila mtu wa kukutunza, mahali unapoishi hapakuwa na wajibu na wewe. Wajibu ulikuwa wa kijiji chako cha asili, hata kama hujawahi kukiona. Jina lile kwenye karatasi lilikuwa na maana moja kubwa: hapa ndipo watakapolazimika kukulisha.

Unaona uzuri wake. Basi ona na ubaya. Kijiji kikiwa na maskini wengi, kinaanza kupiga hesabu. Katika miaka ya 1840 Glarus ilikuwa imebanwa. Ardhi haitoshi, watu wanaongezeka, wafumaji wa mkono wamepigwa na mashine. Jimbo na vijiji vikachangisha fedha, vikatuma watu wawili mbele kwenda Marekani kutafuta ardhi, na mwezi wa Aprili 1845 watu 193 wakaondoka. Walishuka kwa mito mpaka baharini, wakavuka hadi Baltimore, wakaendelea ndani ya nchi mpaka Wisconsin. Waliofika mwezi wa Agosti walikuwa wachache kuliko walioanza. Ardhi iliyonunuliwa ilikuwa ekari 1,200 na ushei, kila familia ikapewa ekari 20. Mahali hapo wakapaita New Glarus.

Ilikuwa msaada au ilikuwa kufukuzwa kwa adabu? Nadhani yote mawili. Ndugu wanaokuchangia nauli wanakupenda, na pia wanapumua ukishapanda gari. Wengi wetu tuna mzazi aliyeondoka kwa mchango wa namna hiyo.

New Glarus ipo mpaka leo. Nyumba zimejengwa kwa mtindo wa Uswisi, walipoona ngano haiwalipi wakahamia kwenye ng'ombe na jibini, na tangu 1938 wanacheza kila mwaka mchezo wa Wilhelm Tell. Na lugha? Lugha ilidumu muda mrefu kuliko kawaida ya wahamiaji wa Marekani. Mpaka karne ya 20 walikuwapo wazee waliozaliwa Wisconsin, wazazi wao wamezaliwa Wisconsin, wakiongea Kijerumani cha Glarus. Leo waliobaki ni wachache mno.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Sherehe zimebaki, vazi limebaki, jibini limebaki, lugha imekwenda. Vile vitu vingine unaweza kuvitoa mara moja kwa mwaka ukavirudisha kabatini, lakini lugha ikifanyiwa hivyo inakufa. Ilidumu pale ilipokuwa lugha ya kukamua ng'ombe na kugombana sokoni. Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili cha watoto wake kiko salama kwa sababu kila Idi wanavaa kanzu na kula biriani, namtajia New Glarus.

Mlango wa pembeni

Kuna jambo lingine ambalo mashabiki wa "asili" hawapendi kulisema. Mfumo huu unamkumbuka mtoto wa mbali na kumsahau wa karibu.

Mswisi aliyezaliwa Wisconsin kwa wazazi Waswisi ni Mswisi, mradi aandikishwe kabla hajatimiza miaka 25. Kijiji chake kinamngoja kwenye karatasi. Lakini mtoto aliyezaliwa mwendo wa dakika 30 kutoka Elm, kwa wazazi kutoka Sri Lanka au Kongo, anayeongea lahaja ya bonde lile kuliko Kijerumani cha shuleni, hazaliwi Mswisi. Anaomba. Na anaomba ngazi tatu: manispaa, jimbo, na serikali ya shirikisho. Mwaka 2017 Waswisi walipiga kura kulegeza masharti kwa kizazi cha tatu. Nasema tena, cha tatu. Cha pili, yaani sisi, bado tunapanga foleni ya kawaida.

Hata wanawake wa humo humo ndani hawakusalimika. Kwa muda mrefu mwanamke wa Elm akiolewa na mtu wa kijiji kingine, asili yake ilihama pamoja na begi lake. Tangu 2013 kila mtu anabaki na asili yake. Msicheke sana, kwa sababu na kwetu ukimuuliza mtu kwao anakutajia kwa baba. Kwa mama kunatajwa wakati wa kuomba ushauri na chakula.

Kwa hiyo sisemi tuige mfumo wa Uswisi. Asili inayopimwa kwa damu peke yake inawapa watu wasiokuja haki za watu waliopo. Hilo sio jambo la kutamani.

Basi nijibu nini?

Kwenye kundi la familia yetu la simu kuna vita vya kimya kimya. Mjomba ametangaza mchango wa kurekebisha kisima kijijini, nje kidogo ya Pangani. Binamu zangu wawili walioko Uingereza wamesema hapana, kwetu ni Birmingham, hicho kisima hatutakunywa maji yake. Mama mkubwa akawajibu kwa methali moja tu: mkataa kwao ni mtumwa.

Binamu zangu wananikera, lakini ile methali nayo nimeigeuzageuza. Pangani ilikuwa bandari ya misafara. Watu waliuzwa pale. Ni mji ambao umejaa vizazi vya watu ambao hawakukataa kwao. Waling'olewa kwao, wakaletwa pwani, wakapewa majina mapya, na wajukuu zao ni Waswahili kama mimi na pengine ni mimi. Mji ule ule ulianza kupigana na Wajerumani mwaka 1888 chini ya Abushiri, naye akanyongwa pale pale mwaka uliofuata. Kumtisha kijana kwa neno "mtumwa" katika mji kama huo ni kusahau nani alikaa pale. Mtumwa hakuwa aliyekataa kwao. Mtumwa alikuwa aliyenyang'anywa.

Na wale wa upande wa pili, wanaosema "kwetu ni dunia nzima", nao siwaelewi. Dunia nzima haina kisima kibovu. Ukisema kwenu ni kila mahali, hakuna mahali ambapo mtu anaweza kukugongea mlango na kukwambia leo zamu yako.

Mawazo yangu ni haya. Kwenu ni mahali ambapo unadaiwa. Hapo ndipo watu wa zamani wa Elm walipopatia: waliunganisha jina na wajibu. Walipokosea ni kudhani kwamba wajibu huo unarithiwa na mtu mmoja na kunyimwa mwingine kwa sababu ya babu yake. Mimi nikichukua hilo la kwanza na kuliacha la pili, napata jibu ambalo naweza kulibeba. Kwetu ni ule mji mdogo karibu na Zürich, kwa sababu nalipa kodi pale, napiga kura pale, na mafuriko yakija nitashika ndoo pale. Na kwetu ni kile kijiji cha Pangani, kwa sababu nimetuma fedha za kisima na nitauliza zimetumikaje. Wawili wanaweza kunidai. Sioni tatizo, kwa kweli watu wengi wana wadai zaidi ya wawili.

Sharti la pili ni kupajua. Sio kwa picha. Mfanyakazi mwenzangu asili yake ni Elm na hakuwa anajua habari za 1881 mpaka nilipomwambia mimi, mtoto wa Pangani. Usicheke, wangapi kati yetu tunaweza kueleza kijiji cha bibi kilikuwa kinauza nini, na nani alikuwa anapata hasara? Tunajua kuna embe na bahari. Ni kama kuijua Uswisi kwa ng'ombe na chokoleti.

Kupajua kunaokoa pia. Mwaka 1881 wakaguzi waliona nyufa wakadhani bado kuna muda. Mwezi wa Mei 2025, katika kijiji kingine cha Uswisi kiitwacho Blatten, wataalamu waliokuwa wakiufuatilia mlima walisema ondokeni, na wakazi kama 300 wakaondoka. Siku tisa baadaye barafu na mawe vikakifunika karibu kijiji kizima. Mchungaji mmoja wa mifugo alipoteza maisha, lakini kingekuwa kilio cha mamia. Waliokoka kwa sababu kulikuwa na watu kazi yao ni kuujua mlima ule, na wengine wakakubali kuwasikiliza.

Kwa hiyo safari hii msitutumie ujumbe wa kulalamika kuhusu swali. Mpigie bibi, babu, shangazi, yeyote aliyebaki, na umuulize kwa Kiswahili, hata kama kinakatika katika njiani. Muulize mambo manne. Maji ya kijiji yalikuwa yanatoka wapi? Watu walikuwa wanauza nini, na nani alikuwa ananunua? Nani alichangiwa nauli akaondoka, na kwa nini yeye? Na lile jambo moja ambalo watu wazima walikuwa wananyamaza mtoto akiingia, lilikuwa nini?

Hilo la nne liulize mwisho, baada ya chai. Kisha tutumie sauti zenu, dakika mbili zinatosha, tutazicheza kwenye kipindi kijacho. Jina la kijiji mkitaka lisemwe, semeni. Mkitaka libaki kwenu, libaki.